Mkaa wa maganda ya mpunga ulivyotuzuia kufyeka mafunjo mengine

Udongo wa swampu unadanganya macho. Ukiushika ni mweusi, laini, una unyevu hata Januari wakati wenzetu wa kule juu wanatazama mawingu tu, na mtu yeyote akiuona anasema hapa ndo kuna pesa. Na kweli msimu wa kwanza baada ya kufyeka mafunjo unavuna vizuri, wa pili pia si mbaya, halafu mambo yanaanza kushuka, mpunga unakuwa mfupi, majani yanatoka madoa ya kahawia kuanzia kwenye ncha, na juu ya maji yaliyosimama unaona utando unang'aa rangi rangi mpaka watoto wanasema kuna mtu amemwaga petroli. Hapo wengi huku kwetu wanajua dawa moja tu, panga. Unasogea mbele, unafyeka mafunjo mengine, unaanza upya. Familia niliyoolewa imefanya hivyo tangu enzi za baba mkwe na swampu imeliwa kipande kipande, ukisimama leo barabarani mafunjo unayaona mbali kabisa wakati mama mkwe anasema yeye alikuwa akiyakata hapo hapo karibu na njia kusuka mikeka.

Sasa sisi tumeacha kusogea. Tuko kwenye shamba lile lile, na kilichotusaidia zaidi ni bayocha, yaani mkaa unaotengenezwa kwa mabaki ya shamba kisha unachanganywa na udongo. Nimeulizwa sana juu ya hii kitu, nikaona bora niandike yote mahali pamoja.

Niko Uganda, upande wa Butaleja karibu na mpaka wa Tororo, maji yetu yanaelekea mto Mpologoma. Kikundi chetu kina Wanyole wenyewe, kina Wapadhola, Wateso, na wake wa Kisamia kama mimi tulioletwa na ndoa, kwa hiyo vikao vyetu ni Kiswahili tu, kile tulichokizoea kwenye biashara pale Busia. Mpunga ndo maisha yetu. Wenye bahati wako ndani ya skimu ya Doho, ile iliyojengwa kwa msaada wa Wachina, wana mifereji na maji ya mto Manafwa yanayoingia na kutoka kwa mpango. Sisi wengine tuko pembeni, maji yanakuja yanavyotaka yenyewe.

Aliyetufungua macho ni afisa kilimo wa sabukaunti, kijana mdogo lakini ana subira. Alikuja kuangalia mpunga wangu uliokuwa umegeuka rangi ya kutu, akavua viatu akaingia kwenye matope. Nikamwambia, "Daktari, huu ugonjwa tumepiga dawa mpaka pesa imeisha." Hakujibu haraka. Akaokota kijiti akakichomeka kwenye ule utando unaong'aa, ukapasuka vipande vipande, vikabaki vimeachana hivyo hivyo. Akasema, "Mama, mafuta ya kweli ukiyapasua yanarudi kuungana. Haya hayajarudi. Hii ni chuma, na mmea wako hauumwi na wadudu, umelishwa chuma kupita kiasi."

Akatueleza na nilielewa vizuri kwa sababu alieleza kama mtu anayetaka ueleweke. Udongo ukikaa ndani ya maji muda mrefu hewa inaisha kule chini, na hewa ikiisha chuma kilichokuwa kimejishikilia kwenye udongo kinayeyuka na kuingia kwenye maji, mizizi inakinywa, majani yanaungua. Udongo wenye asidi nyingi ndo unazidisha hiyo hali, na udongo uliopungukiwa potasiamu unazidisha zaidi kwa sababu mmea unakosa nguvu ya kujikinga. Alikuwa na kipimo kidogo cha pH, yaani cha kupima asidi, kikasoma 4.7. Saba ndo katikati, na kila namba moja ukishuka asidi inaongezeka mara kumi, kwa hiyo ukiona 4.7 usidhani ni tofauti ndogo. Kwenye asidi ya namna hiyo hata fosforasi uliyonunua dukani kwa pesa yako inakamatwa na chuma na alumini, mmea hauipati. Yaani mtu anaweka mbolea inalala tu.

Chokaa ya kilimo ingesaidia asidi, hilo alisema wazi. Lakini chokaa kuifikisha kwetu ni gharama, na mvua kubwa za swampu zinaiosha baada ya muda. Ndo akatuuliza maganda ya mpunga huwa tunapeleka wapi.

Kwa kweli hatukuwa tunapeleka popote. Nyuma ya mashine ya kukoboa pale sentani kulikuwa na mlima wa maganda uliokuwa ukichomwa na kufuka moshi wiki nzima, watoto wa shule wanapita wanakohoa. Mpunga ukikobolewa, kama sehemu moja ya tano ya uzito wake ni maganda, kwa hiyo hesabu mwenyewe mashine inayokoboa kila siku inatoa maganda kiasi gani. Nilipomwendea mwenye mashine akanishangaa, "Dada, takataka hizo za nini?" nikamwambia nataka kuchoma mkaa wa shamba, akasema "chukua, utanisaidia kusafisha." Miaka hiyo tulichukua bure.

Utengenezaji wake hauhitaji mtambo. Tulichukua debe la bati la mafuta ya kupikia, la lita ishirini, tukalitoboa matundu mengi kwa msumari pande zote, fundi akatuviringishia bati kuukuu likawa bomba refu kama kimo cha mtu. Unawasha moto mdogo wa vijiti chini, moto ukishika unaufunika kwa lile debe mdomo ukiangalia chini, bomba linasimama juu yake, halafu unamwaga maganda kuzunguka debe mpaka linafunikwa lote linabaki bomba tu. Moshi unatoka juu kwenye bomba, joto linaingia kwenye maganda kupitia matundu. Hapo unakaa na koleo lako. Baada ya muda unaona doa jeusi linajitokeza juu ya rundo, halafu lingine, halafu yanaanza kukutana, na kazi yako ni kuyachota maganda ya pembeni ambayo bado ni ya njano na kuyapandisha juu ya weusi ili nayo yaive. Kwetu rundo moja linakula saa kadhaa, inategemea upepo na ukavu wa maganda, maganda yaliyonyeshewa yanasumbua sana yanatoa moshi mzito tu.

Kitu cha kuelewa ni kwamba maganda hayatakiwi kuwaka. Yanapikwa kwa joto kali huku hewa ikiwa kidogo, gesi zinatoka, kaboni inabaki. Ukiacha hewa iingie vizuri mkaa wenyewe unaungua na unabaki na majivu ya kijivu, ambayo mvua moja mbili zinayachukua, wakati mkaa unakaa ndani ya udongo miaka mingi sana, wataalamu wanasema hata mamia ya miaka. Kule Amazon nchini Brazili kuna mashamba yenye udongo mweusi uliotokana na wenyeji wa kale waliokuwa wakichanganya mkaa na mabaki ya jikoni, na mpaka leo bado una rutuba kuliko udongo wa jirani yake. Kwa hiyo rundo likiwa jeusi karibu lote, bado vijisehemu vichache vya njano, unatoa bomba haraka, unalitandaza na kumwaga maji, na sio maji ya kunyunyiza, ni majerikeni. Ukiona mvuke umekoma geuza tena umwagie tena.

Hapo kwenye maji naomba mtu asipuuze. Kuna jirani yetu alizima juu juu akaona pamepoa akatia kwenye magunia akaweka stoo, usiku ule mkaa ukajiwasha wenyewe ndani ya gunia, stoo ikaungua na mbegu zote zikaenda. Mkaa wa maganda unaweza kuonekana umekufa kumbe katikati una cheche. Sisi tunaulaza nje kwenye udongo usiku mzima, asubuhi unaingiza mkono ndani kabisa ukikuta baridi ndo unafunga gunia. Na vumbi lake pia si la kuchezea, maganda ya mpunga yana silika nyingi, yaani madini kama ya mchanga, na ile vumbi kuivuta kila siku inaharibu mapafu, kwa hiyo funga kitambaa puani na uufanyie kazi ukiwa na unyevu.

Kwa magunzi ya mahindi na mabua tunatumia shimo, mdomo mpana chini pembamba. Unawasha chini, unaweka tabaka jembamba, ukiona juu yake panaanza kuwa na majivu meupe unaongeza tabaka lingine, moto wa juu unakula moshi na pia unazuia hewa isifike chini, unaendelea hivyo mpaka shimo linajaa halafu maji. Miti hatutumii. Nchi hii imeshakatwa miti ya kutosha, mpaka mwaka 2023 Rais alitoa amri ya kuzuia biashara ya makaa kule kaskazini, sasa mtu akikata mti ili atengeneze bayocha atakuwa anaziba shimo moja kwa kuchimba lingine.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naona linawakatisha tamaa watu wengi. Mkaa mbichi usiumwage shambani ukategemea muujiza. Shemeji yangu alisikia habari nusu, akabeba mkaa siku ile ile ulipopoa akauchanganya na udongo akapanda mahindi, yakatoka njano, akaja kwangu na hasira, "shemeji mmenimaliza." Mkaa una vitundu vidogo vidogo visivyohesabika, hivyo vitundu ndo faida yake yote, vinashika maji na chakula cha mmea visioshwe na mvua, lakini ukiuweka mtupu unaanza kwanza kujishibisha wenyewe, unanyonya ile naitrojeni kidogo iliyopo kwenye udongo na mmea unabaki na njaa. Lazima ulishwe kabla. Sisi tunachukua debe mbili za mkaa kwa debe moja ya samadi mbichi ya ng'ombe, tunamwagia mkojo wa ng'ombe ambao mama mkwe anaukinga zizini kila asubuhi, tunachanganya na mabaki ya jikoni, tunafunika kwa majani ya migomba na kuacha wiki mbili tatu, tunageuza mara moja moja. Ukifunua baadaye ile harufu kali ya mkojo imekwisha, imeingia ndani, na unakuta minyoo imehamia. Shemeji mahindi yake tuliyaokoa kwa kumwagia mkojo uliozimuliwa na maji, msimu uliofuata akalisha mkaa wake kabla ya kuupeleka shamba na sasa hivi yeye ndo anayechoma kushinda sisi wote.

Kwenye mpunga kuna tatizo lingine ambalo vitabuni sikulisikia, mkaa unaelea. Ukiurusha kwenye shamba lenye maji unaona unatembea wote unaenda kukusanyika kona moja upepo unakoelekea, na maji yakifunguliwa unaondoka nayo. Dawa yake ni kupunguza maji kwanza mpaka ubaki na matope, mwaga mkaa uliokwisha kulishwa na uliolowana mpaka ndani, halafu uvurugwe pamoja na matope siku hiyo hiyo kwa majembe au ng'ombe, usawazishe, ndo urudishe maji. Ule uliolowana vizuri unazama.

Halafu hesabu. Hapa ndo napenda tuambiane ukweli. Wataalamu wengi wanataja tani kumi kwa hekta, ambayo ni kilo moja kwa kila mita moja ya mraba. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,000, kwa hiyo ni tani nne za mkaa. Maganda yakipikwa kinachobaki ni kama theluthi moja ya uzito, maana yake unahitaji kama tani kumi na mbili za maganda kwa ekari moja, na maganda hayo yametoka kwenye tani sitini za mpunga. Nani kati yetu anavuna tani sitini? Kwa hiyo yule anayekuja kijijini kusema rudisha tu mabaki ya shamba lako na udongo utapona, hajapiga hesabu. Mabaki ya shamba langu peke yake hayatoshi hata kona. Ndo maana ilibidi tutegemee mashine inayokusanya maganda ya watu wengi, na ndo maana tuliamua tusitawanye, tuanze na robo ekari ile iliyokuwa mbaya kabisa, na tuiwekee nusu ya kipimo msimu mmoja na nusu msimu uliofuata. Kwa mboga ni rahisi zaidi kwa sababu hauweki shamba zima, unaweka kwenye tuta au kwenye shimo la mche, viganja viwili vinatosha, sukuma wiki na nakati zetu za kiangazi pembeni ya swampu zinapandwa hivyo. Na kitalu cha mpunga pia, kitalu ni kadogo lakini mche ukitoka pale na mizizi mizito unaona tofauti mpaka mwisho.

Msimu wa kwanza kwenye ile robo ekari sikuona kitu cha kusimulia, mume wangu akaanza kuhesabu siku tulizopoteza kwa mashine. Wa pili madoa ya kahawia yalikuja yakaishia kwenye majani ya chini, mpunga ukaendelea kupanda. Kipande kile kilikuwa kinatupa magunia matatu yasiyojaa vizuri, tukafika manne na kitu, na punje zilizojaa, maana gunia la makapi pia ni gunia. Afisa alipopima tena ilisoma 5.3. Alisema kwenye maganda ya mpunga kuna faida ya ziada, yana silika na potasiamu, na vyote viwili vinausaidia mpunga kuvumilia chuma. Pia alituonya tusimsifie mkaa peke yake kwa sababu msimu ule tulikuwa tumechimba mfereji mdogo wa kutoa maji na tukawa tunaliacha shamba lipumue siku chache katikati, na hewa ikiingia chuma kinarudi kushikamana na udongo. Ni kweli. Mkaa, samadi na mfereji vilifanya kazi pamoja, siwezi kuvitenganisha na sitaki kumdanganya mtu.

Kuna utafiti wa mwaka 2017 uliokusanya majaribio mengi ya dunia, ukakuta nchi za joto kama zetu mavuno yaliongezeka kwa wastani wa asilimia 25 na nchi za baridi karibu hakuna kilichoongezeka. Sababu yao ni kwamba udongo wa kwetu mwingi una asidi na hauna rutuba, wa kwao tayari umejaa chokaa na mbolea. Kwa hiyo kama shamba lako tayari lina pH nzuri na linazaa, usijichoshe, peleka nguvu zako kwingine. Pima kwanza. Kama hauna kipimo karibu, ofisi ya kilimo ya wilaya itakuelekeza pa kupeleka udongo, na maabara kubwa ya taifa iko Kawanda.

Sasa mtu atauliza, je hii haitawapa watu hamu ya kuingia swampuni zaidi? Hili linanisumbua na nalisema kwenye kila kikao. Mwaka 1994 ardhi oevu ilikuwa karibu asilimia 15.6 ya Uganda, sasa hivi takwimu za serikali zinaonyesha imeshuka chini ya 10. Katiba ya 1995 inasema hizi swampu serikali inazishika kwa niaba ya wananchi wote, hati ya ardhi haikupi ruhusa ya kuimaliza, na kanuni za mwaka 2000 zinataka uache mita 100 kutoka kingo za mito mikubwa iliyotajwa na mita 30 kwa mito mingine. Mafunjo yanachuja matope na uchafu kabla maji hayajafika ziwa Kyoga, yanapunguza nguvu ya mafuriko yanayoshuka kutoka mlima Elgon, na sisi wa Butaleja mafuriko ya Manafwa hatuhadithiwi, tunayaona, yanaingia mpaka nyumbani na kubeba mpunga uliokuwa tayari kuvunwa. Kwa hiyo kikundi kilikubaliana kwamba atakayepewa zamu ya debe na bomba ni yule tu anayelima shamba ambalo lilishafunguliwa zamani. Ukifyeka mafunjo mapya hupati vifaa na hupati maganda. Mzee mmoja alikasirika sana akasema swampu ni ya babu zake, mwenyekiti akamjibu kwa heshima, "Mzee wangu, ndo maana tunataka na wajukuu zako waikute." Alitoka kikaoni, baada ya wiki kadhaa akarudi, na upande wa chini wa shamba lake mafunjo yameanza kujirudisha yenyewe kwa sababu mizizi ilikuwa haijafa.

Shida tuliyonayo saa hii ni maganda yenyewe. Watu wa matofali wameanza kuyanunua kuchomea tanuru, wafugaji wa kuku nao wanayataka ya kutandika bandani, na yule mwenye mashine aliyekuwa akisema nichukue bure sasa anauza kwa gunia, simlaumu, ni biashara. Tulichofanya ni kukubaliana na wafugaji wawili wa kuku, sisi tunabeba maganda yao yakishachafuka na kinyesi, hayo hatuyachomi kwa sababu naitrojeni yote ingeondoka na moshi, tunayachanganya hivyo hivyo na mkaa badala ya samadi ya ng'ombe na naona yanalisha mkaa haraka zaidi. Na upande wa kuchoma tumehamia zaidi kwenye magunzi na maganda ya karanga, ambayo bado hakuna anayeyagombania. Msimu huu wa Agosti tunaingia kipande cha pili, kile kilicho karibu na njia. Mama mkwe ameomba tuache ukanda wa mafunjo upande wa mfereji ili apate ya kusukia, na tumeshauwekea vigingi.